Ukiuliza Utaonyeshwa

Mama alikuwa na wiki tatu kitandani muuguzi wa zahanati aliponiita pembeni na kuniambia kwamba kidonda cha mgongoni kimeanza kuingia ndani. Alisema nitafute godoro la hewa, lile lenye pampu ndogo ya umeme inayojaza upande huu na kupunguza ule, mgonjwa asilalie sehemu moja muda wote. Bila hilo, alisema, nitasafisha kidonda mpaka siku nitakapouona mfupa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwagiza jirani chumvi, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimefunga chumba changu cha ushonaji pale Njoro na kupanda Kirua Vunjo kumuuguza. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia, kikaondoka na Kiswahili chake chote, akabaki na Kichagga alichozaliwa nacho. Nilimwachia wifi yangu zamu ya siku moja nikashuka Moshi mjini, nikazunguka duka moja baada ya jingine la vifaa vya hospitali. Mzee mmoja wa Kihindi, ambaye duka lake nalifahamu tangu nikiwa mdogo, alinionea huruma. "Hayo magodoro siku hizi watu wanaagiza mtandaoni, mama," aliniambia. "Mimi nikileta yananilalia hapa." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi jina la tovuti ya duka moja kubwa la Dar.

Kwetu intaneti inashika sehemu moja tu, chini kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, pale mfongo unapopita kupeleka maji kwenye migomba ya jirani. Hapo ndipo nilipoifungua hiyo tovuti, nimesimama, mguu mmoja ng'ambo hii ya mfereji na mwingine ng'ambo ile. Picha ya godoro ilifunguka nusu. Kitufe cha kununua kilizunguka, kikazunguka, kikanirudisha mwanzo. Mara ya nne kikakubali, nikafika kwenye fomu ya anwani.

Wilaya nilijaza. Mtaa nikaandika jina la kijiji. Kisha wakataka namba ya nyumba. Nyumba yetu haina namba na haijawahi kuihitaji. Nikaacha wazi, maandishi mekundu yakanifokea: jaza sehemu hii. Nikaandika sifuri, wakakataa. Nikaandika moja, wakapokea, kwa hiyo mpaka leo sisi ndio nyumba namba moja ya Kirua Vunjo, na sijui wenzetu wataridhika na namba zipi. Wakaleta ramani niweke alama pa kuleta mzigo. Alama ilijiangusha Kahe, huko chini bondeni, katikati ya jaruba la mpunga. Nikaivuta kwa kidole mpaka nyumbani, ikateleza ikarudi Kahe.

Kulikuwa na kisanduku cha maelezo ya ziada, na hapo nikajimwaga: ukitoka kanisani shuka na barabara ya vumbi, vuka mfongo wa pili, kihamba chenye mparachichi mkubwa na banda la ng'ombe la mabati mapya, ukiuliza utaonyeshwa. Wakasema maneno yamezidi. Nikapunguza kuanzia mwanzo, neno baada ya neno, huku chaji ikikaribia kuisha, mpaka wakakubali. Kilichobaki ni maneno mawili tu: ukiuliza utaonyeshwa.

Jina la mpokeaji niliandika la mama. Hilo hakuna aliyenilazimisha. Kwetu kinachoingia nyumbani kinaingia kwa jina la mkubwa wa nyumba, na mimi, binti niliyeolewa nikarudi, ningejiandikiaje mzigo kwenye kihamba cha baba? Nikaweka jina lake la ubatizo na jina la ukoo wa baba, nikaona nimemaliza. Nani asiyemjua?

Baada ya siku nne ilikuja meseji. Mpendwa mteja, mzigo wako umefikishwa, asante kwa kununua nasi. Nilitoka barazani kuangalia. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachungulia mpaka kwenye banda la ng'ombe, maana siku hizi huwezi kujua. Hapakuwa na kitu.

Nikarudi mfongoni. Kwenye tovuti kulikuwa na kitufe cha malalamiko. Ukikibonyeza kinakupeleka kwenye picha za vikaango vilivyoshuka bei. Kulikuwa pia na roboti ya kuchati. Ikanisalimia vizuri, ikaniuliza shida yangu. Nikachagua: mzigo wangu uko wapi. Ikajibu: mzigo wako umefikishwa, je, nimekusaidia? Nikabonyeza hapana. Ikaniomba radhi, ikaniuliza upya shida yangu. Tuliendelea hivyo mimi na yeye mpaka bando likakata.

Siku iliyofuata nilishuka mfongoni nikapiga simu. Muziki ulinipigia kwa muda mrefu, kisha akaja binti mwenye sauti tamu.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini mpendwa?"

"Mmeandika godoro limefika. Halijafika."

"Pole sana dada. Naongea na mwenye oda?"

"Unaongea na binti yake."

"Sawa dada. Kwa usalama wa mteja, taarifa za oda tunampa mwenye oda peke yake. Naomba nimpate mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mgonjwa. Ndiye anayelisubiri alilalie."

"Nakuelewa kabisa, dada. Naomba nimpate mwenyewe."

Chumbani kwa mama simu inashika ukiiweka juu kabisa ya fremu ya dirisha. Nilimwambia binti asikate, nikapanda mbio, nikaiweka juu ya dirisha na kuifungulia spika. Yule binti, na hapo nampa sifa yake, alikuwa na adabu. "Shikamoo mama," alisema. Mama aligeuza macho kuelekea dirishani. Uso ukamchanua upande ule uliobaki mzima, nikaona kwamba siku zote hizo hakuna mtu mgeni aliyemwamkia. Akaitikia kwa Kichagga, taratibu, ulimi mzito. Akamuuliza binti ni wa kwa nani. Akauliza baba yake hajambo, na kahawa ya kwao imeshachumwa, na kama ameolewa.

"Mama, naomba unithibitishie majina yako matatu tafadhali."

Mama akamwombea baraka za Mungu, azae wa kike na wa kiume.

"Dada, upo?" binti aliniita. "Samahani, mteja ameshindwa kujithibitisha. Kuna lingine lolote naweza kukusaidia?"

Nilimpa maneno ambayo siyaandiki hapa. Alipokata, mama aliniuliza kwa nini yule mtoto ameondoka bila kuaga.

Tangu hapo nikawa nimefungwa. Mama alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kwa hiyo popote nilipotaka kwenda palikuwa na urefu wa saa mbili, na saa hizo nilizitumia nimesimama mfongoni na simu sikioni. Nilipigwa danadana mpaka nikakariri muziki wao. Kila siku sauti ilikuwa mpya, na kila sauti ilianza upya: pole sana dada, naongea na mwenye oda? Mmoja aliniahidi kunipigia kabla ya saa kumi. Mwingine alisema mfumo uko chini. Niliyemtukana zaidi ya wote alinishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikikata simu narudi ndani, nageuza, nasafisha kidonda, napika mtori, nalisha, naangalia saa. Harufu ya kidonda ilishaingia kwenye nguo zangu.

Siku moja mchana nilimgeuza kwa nguvu kuliko ilivyopasa. Hasira haikuwa yake, ilikuwa ya muziki ule, lakini mwili uliokuwa mikononi mwangu ulikuwa wake. Alilia kama mtoto. Nami badala ya kumwomba radhi nilisimama pale nikimchukia, mama yangu mzazi, kwa kuwa mzito, kwa kuwa hai, kwa kutojua kutaja majina yake matatu. Sijawahi kuliungama hilo hata kwa padri.

Kesho yake ilipokea sauti ya mwanamume iliyochoka. Hakuniita mpendwa. Nilimweleza kuhusu kidonda, nikashindwa kuendelea, nikalia. "Sitakiwi kufanya hivi," alisema, kisha akanitumia picha ambayo mtu wa pikipiki aliipiga siku ya kufikisha mzigo. Boksi liko juu ya benchi. Mkono wa bibi mzee umeliegemea. Nyuma kuna mlango wa bluu, na juu ya mlango picha ya Moyo Mtakatifu.

Wifi yangu alikuwa ameleta maziwa. Nilimwonyesha. Aliisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, akacheka.

"Si mlango wa kule juu, ng'ambo ya korongo? Huyu ni wajina wa mama."

Ndipo akili ikanijia. Ukoo wetu umejaa mlima ule mpaka msituni, na mabibi wa umri wa mama walibatizwa kwa majina machache yaliyokuwa yakipendwa na mapadri wa zamani. Yule bibi aliolewa kwenye ukoo uleule, na jina la ubatizo ni lilelile. Sisi wenyewe hatuwachanganyi, kwa sababu hatuwaiti kwa majina hayo. Tunasema mama wa kule chini, mama wa ng'ambo ya korongo. Yale majina yapo kwenye cheti cha ubatizo na kwenye kadi ya kura. Mtu wa pikipiki aliuliza, akaonyeshwa. Hakuna aliyemdanganya.

Nilimwachia wifi zamu, nikapanda na hasira zangu zote. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Mtu mzima unapokeaje kitu usichokiagiza? Ulikaaje nacho siku zote hizo?

Nilipiga hodi, nikamwamkia, na mazoezi yangu yakaishia hapo, maana alinishika mikono yote miwili akanivuta ndani. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kanga mbili. Kabla sijasema neno aliniambia nimekuja wakati mzuri, niingie nimsalimie meku.

Meku, mume wake, alikuwa amelala juu ya godoro la mama. Halikuwa na hewa hata kidogo. Walikuwa wamelitandika juu ya godoro la kawaida kama shuka la mpira. Pampu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa, pembeni ya redio.

"Ametuma mwanetu wa Mwanza," bibi alisema. "Tangu aondoke hajapiga hata simu. Watu walisema ametutupa. Mimi nilijua tu hajamsahau baba yake. Jumuiya nzima walikuja hapa tukasali kushukuru."

Niliomba tutoke nje. Nilimwambia pale barazani, bila kumtazama, kwamba godoro niliagiza mimi, kwamba mama yangu ni wajina wake, kwamba ana kidonda. Nilitaka abishe. Nilitaka aniite mwongo, ili ile hasira niliyopanda nayo ipate kazi. Yeye aliangalia mikono yake.

"Kwa hiyo siye yeye."

"Siye, mama."

Bibi akakaza kanga kiunoni. "Basi twende tumnyanyue. Mama yako asiumie."

Tulimnyanyua meku, yeye mabegani, mimi kiunoni. Akauliza kwa Kichagga kuna nini, na mkewe akamjibu kwamba godoro la mtoto linakwenda kufuliwa. Shati lilipopanda niliuona mgongo wake. Ngozi ilikuwa imewiva nyekundu pale juu ya makalio, mahali palepale kilipoanzia kidonda cha mama. Ilikuwa haijapasuka bado. Nilisimama nimemkumbatia yule mzee, nikijua ninachokiona, na nikajua pia kwamba sitaliacha lile godoro. Nililichukua. Nilimwonyesha bibi namna ya kumgeuza, kila saa mbili, mto nyuma ya mgongo, akawa anaitikia kama mwanafunzi, na mimi nikasikia aibu mpaka masikioni.

Nilikunja godoro, nikashusha pampu, nikatafuta boksi la kubebea. Lilikuwa sebuleni juu ya kiti cha wageni, upande wenye karatasi ya jina umegeuzwa mbele. Nilipoliinamia, bibi alinitangulia akaliwekea mkono.

"Hili niachie, mwanangu."

"Pampu nitaibebea wapi, mama?"

"Nitakupa gunia." Hakuondoa mkono. "Jumatano wanakuja tena kusali hapa. Na lina jina langu."

Nikatia pampu kwenye gunia la kahawa, nikalifunga godoro kwa kanga aliyonipa, nikamuaga. Nilimwacha akilifuta vumbi lile boksi.