Mfini Aliyenifundisha Kukaba

Kocha wetu hapa Guangzhou ni Mfini, beki wa kati mstaafu. Siku za kazi anafundisha mpira kwenye shule ya watoto. Jumapili alasiri anakuja kwetu, wafanyabiashara na wanafunzi wa Afrika Mashariki, wala hatumpi hata chupa ya maji. Kwao alichezea klabu moja tangu ujana mpaka goti lilipogoma, kwenye baridi ambayo mimi nikisimuliwa tu natafuta sweta. Tulipomsaka mtandaoni tukapata kipande kimoja tu cha video, nacho ni cha siku aliyopigwa chenga. Tukamwonyesha kwa utani. Akacheka, kisha akaomba tukirudishe ili aone mguu wake ulikosea wapi. Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Mimi pia ni beki, ila beki wa papara. Mshambuliaji akinijia namrukia, naye ananipita nikiwa chini. Mechi mbili tulifungwa kwa sababu yangu. Nahodha wetu, mwanafunzi wa udaktari kutoka Pemba, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikirudia tena Jumapili inayofuata, dhidi ya timu ya Wakongo, kazi yangu itakuwa kubeba maji. Iliniuma sana. Wiki nzima ya kuhangaika na mizigo naivumilia kwa ajili ya Jumapili ile.

Katikati ya wiki nikampeleka Mfini Shahe, kwenye maduka ya nguo za jumla, akanunue vizibao vya mazoezi. Mama mwenye duka akataja bei ya mgeni. Nikamwambia, "Laoban, tai gui le," yaani bosi, bei kali mno, kisha nikanyamaza. Nikapapasa kitambaa. Nikarudi kinyumenyume hatua moja, ya pili, macho kwake. Akashusha. Nikarudi hatua ya tatu. Akashusha tena na kutuita mwenyewe.

Mfini alikuwa amenikodolea macho.

"Hapa unajua kusubiri," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Uwanjani unakimbilia nini?"

Miaka yote nimewakaba wenye maduka, nisijue kwamba nakaba.

Jumapili mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope tupu. Mshambuliaji wa Wakongo, fundi kwelikweli, akanijia na mpira. Nikarudi nyuma. Akatikisa kiuno, nikarudi tena. Wenzangu wakapiga kelele nimwingie. Mimi nikamtazama kama ninavyomtazama laoban. Subira ikamwisha, akausukuma mpira mbele kuliko alivyotaka, nikauchukua. Ikawa hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho.

Tulishinda moja bila. Mfungaji wetu akabebwa juujuu, nahodha akiongoza nyimbo. Mimi hakuna aliyenitupia jicho. Nilikasirika, sifichi. Nikamwendea Mfini nikamuuliza kama enzi zake aliwahi kubebwa, hata mara moja.

Akaokota kizibao kimoja topeni, akakikamua.

"Hapana," akasema. "Tazama glavu za kipa wako."

Kipa alikuwa anakuja kunipa mkono. Sisi sote tulikuwa tope mpaka masikioni. Glavu zake zilikuwa bado nyeupe, kama alivyozivaa.