Mapigo Aliyoyasikia Mjomba

Bibi aliyenilea alirudishwa Butiama kutoka hospitali Musoma akiwa amevimba miguu. Daktari alikuwa ametueleza taratibu kwamba moyo wake umechoka, na dawa zitampunguzia shida tu. Mimi nilikuwa nesi Bunda. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumuuguza nyumbani kwa mjomba, mwanawe wa mwisho.

Hakuweza kulala chali. Tulimwegemeza kwenye mito karibu na dirisha, na kila asubuhi nilimshika mkono nikahesabu mapigo ya moyo. Nikimaliza sikuuachia. Mtu akijua unamhesabia pumzi, huzibadilisha bila kukusudia, ndiyo maana manesi tunafundishwa kuendelea kushika mkono huku macho yakiwa kifuani.

Bibi hakudanganyika.

"Mkono umeumaliza zamani," aliniambia siku moja. "Kifuani unatafuta nini?"

Nilimwambia naangalia anavyopumua. Akataka kujua ninaonaje. Wagonjwa wengine ningewajibu kwa kuzunguka, lakini yeye nilishindwa. Nikasema anapumua haraka, na kwamba misuli ya shingo sasa inamsaidia kuvuta hewa, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki.

Aligeuza kiganja chake akanishika mimi.

"Moyo wako nao unakimbia," alisema. "Unaogopa."

"Naogopa, Bibi."

"Basi ogopea hapa. Usiwe unaenda kuogopea jikoni."

Kumbe alikuwa akinisikia nikilia kule. Tangu hapo nilikaa naye. Akipata nguvu alinisimulia jinsi walivyokuwa wakilima mtama.

Siku ya mwisho pumzi zilibadilika. Zilikuja kwa kasi, zikafifia, zikakatika kabisa, kisha zikaanza upya. Kila zilipokatika mjomba alisimama. Nilimweleza kwamba ndivyo inavyokuwa mwisho ukikaribia, na kwamba mama yake hasikii maumivu. Aliitikia kwa kichwa, lakini zilipokatika tena alisimama vilevile.

Alasiri zilikatika zisirudi. Nilipapasa mkononi, nikapapasa shingoni, nikaweka sikio kifuani nikasubiri. Kisha nikamwambia mjomba kwamba Bibi ametutoka.

Hakukubali. Alipiga magoti, akamshika mama yake mkono kama alivyoniona nikifanya, ila yeye alibonyeza kwa kidole gumba.

"Anapiga," alisema. "Bado anapiga."

Kidole gumba kina mshipa wake wenye nguvu. Ukipimia hicho, unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mgonjwa. Nilijua hivyo, lakini sikumtoa mkono. Nilimwacha akae na mama yake kitambo. Kisha nikavishika vidole vyake vitatu vya kati, nikaviweka pale pale, na gumba nikaliondoa.

Alisubiri muda mrefu, ameinamisha kichwa.

"Kumbe nilikuwa mimi," alisema.

Nilimwambia ndiyo, mjomba, ulikuwa wewe.

Alitoka nje kuwapigia simu ndugu walioko Ukerewe, ili wawahi kivuko cha Kisorya. Nilimsikia akianza kusema, akashindwa, akaanza tena. Mimi nilibaki ndani, nikamfumba Bibi macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani.