Beti Tano za Defrizan

Imetangazwa rasmi, katika Tangazo namba 7 la Komite ya Jubile ya kanisa, kwamba mgeni huona kwanza kichwa, ndipo husikia sauti. Kwa sababu hiyo, liliendelea tangazo, kila mama na dada wa korali ya Kingi atasimama mbele ya wageni kutoka Mpofi akiwa na nywele zilizonyooka, zinazong'aa na za aina moja. Meshi, yaani nywele za kubandika, zimekatazwa, kitambaa kimekatazwa, na asiyetimiza hataimba. Tangazo lilisomwa mara tatu, kwa sababu aliyelisoma, Papa Élie Nshimiyimana, ndiye pia mwalimu wa korali, na hajawahi kuamini kwamba kitu kilichosemwa mara moja kimesemwa. Lilipigwa muhuri. Muhuri ulikuwa wa kampeni ya chanjo ya ng'ombe, lakini ulikuwa wa duara.

Mwaka uliotangulia, Tangazo namba 3, la komite nyingine yenye watu walewale, lilikuwa limekataza dawa ya kunyoosha nywele kwa kuwa ni majivuno. Halikufutwa. Akina mama wa Kingi, ambao si mara yao ya kwanza kutawaliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, waliyatii matangazo yote mawili: walinyoosha nywele, wakaomba msamaha.

Anne Umugwaneza alikuwa na sababu kubwa ya kutii kuliko wenzake. Ana miaka thelathini na minne, mume mmoja aitwaye Jean-de-Dieu, watoto wanne, na shamba la maharage mahali ambapo mlima umeinama kiasi kwamba mtu akiangusha jembe hulifuata kwa jirani. Kwa miaka tisa alisimama nyuma ya Mama Joséphine-Marie katika sauti ya kwanza, akizijua beti ambazo mama huyo aliimba peke yake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani, na kwa miaka tisa Mama Joséphine-Marie hakuugua hata mafua. Kisha mama huyo akahamia Goma kwa binti yake. Papa Élie alimgeukia Anne mbele ya korali nzima akasema, "Sasa ni weye." Jubile ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwa sababu ambazo hakuna aliyeomba aelezwe. Safari hii tarehe ilishika. Jumapili Anne angeimba beti mbili peke yake. Kilichobaki ni nywele.

Jumanne alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Mushaki, kwa Myriam.

Saloni ya Myriam ni kibanda cha mbao kando ya barabara, kati ya duka la jibini na mahali motari wanapongojea abiria. Juu ya mlango imechorwa sura ya mwanamke mwenye nywele ndefu, kazi ya fundi ambaye ni dhahiri alizoea kuchora ng'ombe. Kopo la defrizan, ile dawa ya kunyoosha, limeandikwa kwamba dawa ikae kichwani dakika kumi na tano, lakini Myriam hana saa, na simu yake hushinda kwa mtu wa kuchaji. Hupima kwa ibada. Mteja akiketi, huulizwa kwanza anasali wapi. Mkatoliki hupewa makumi ya rozari; Mprotestanti hupewa wimbo wa beti tano na kiitikio chake. Kwa miaka sita mbinu hiyo haikumuunguza mtu, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya saa.

"Dada Anne, ule wimbo wa Yordani unaujua?"

"Ule wa beti tano? Ule naimbaka hata mu usingizi."

"Basi uimbe polepole, ka vile kanisani. Ukimaliza uniite tusukule. Miye naenda kutafuta maji, bidoni iko tupu."

Akampaka dawa, akachukua bidoni, akaenda.

Kanisani kwa Myriam, pale Mushaki, wimbo wa Yordani huchukua robo saa. Lakini Anne anaimba katika korali ya Papa Élie. Kwa Papa Élie kiitikio huimbwa mara tatu: ya kwanza kwa masikio, ya pili kwa moyo, ya tatu kwa waliochelewa. Mwisho wa kila ubeti sauti ya kwanza hushika neno la mwisho na kulivuta mpaka besi zipande kutoka chini na kulipokea. Mle saloni besi hazikuwepo. Anne, ambaye ni mtu wa nidhamu, alizingoja hivyo hivyo, akihesabu kwa kidole gotini.

Kufikia ubeti wa tatu kichwa kilianza kuwaka. Kila mwanamke anajua kwamba defrizan huuma kidogo, ndiyo alama kwamba inafanya kazi. Na Anne aliona kwamba yake inafanya kazi kwa bidii. Kufikia ubeti wa nne machozi yalikuwa yakimtiririka. Nje, motari walikuwa wamezima pikipiki zao. Mmoja alivua kofia. Ubeti wa tano ulipokwisha walipiga makofi.

"Mama, ile ya mwisho urudilie!" mmoja akaita. "Inatuingia kabisa!"

Anne akarudilia, kisha akamwita Myriam.

Myriam alirudi na maji, akamwinamisha juu ya beseni, akamimina.

"Dada Anne."

"Ee."

"Usiangalie kwanza mu beseni."

Anne akaangalia. Nywele nyingi zilikuwa zimetangulia mle. Zilizobaki kichwani zilikuwa zimegawanyika katika vikundi visivyoelewana: pembeni zimelala, utosini hamna, na nyuma zimesimama, kavu na zimetimka, kama paa la nyasi lililopekuliwa na kuku.

"Uliimba beti ngapi?" Myriam akauliza, karibu kulia.

"Tano. Njo ulisema tano."

"Tano za nani?"

Anne alifunga kitambaa, akashukuru, kwa sababu alilelewa vizuri, akapanda moto kurudi.

Nyumbani Jean-de-Dieu alikuwa anakula bugali. Anne akafungua kitambaa. Jean-de-Dieu alitafuna mpaka mwisho, akameza.

"Iko muzuri," akasema.

"Iko muzuri wapi?"

Jean-de-Dieu alizunguka, akaangalia kutoka kila upande kama mtu anayenunua mbuzi. "Masikio," akasema. "Masikio iko muzuri sana."

Siku mbili zilizofuata zilitumika katika matibabu. Jumatano ilikuwa ya avoka. Watoto walilalamika kwamba avoka ni ya kula, na walikuwa na haki. Nywele zilikunywa mafuta yake usiku, asubuhi zikaamka zimesimama vilevile. Alhamisi mama mkwe wake, Mama Byukusenge, mwanamke mkavu na mfupi ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti chenye mgongo, alileta chupa ya siagi ya ng'ombe iliyokaa tangu msimu wa mvua uliopita.

"Hii ilitutunza siye wote," alisema. "Batu ba zamani hawakuwa na kopo."

Siagi ililainisha. Kwa saa mbili nywele zililala kweli, na Anne akaanza kutumaini. Lakini harufu yake ilikuwa ya zizi zima, na alipopita kwenda kisimani ndama wa jirani alikata kamba akamfuata. Akaiosha. Alipopitisha kichanio, kichanio kikarudi na nywele ambazo hazikuwa za kwake tena. Usiku alilala kifudifudi kwa sababu ngozi ya kichwa ilikuwa na vidonda. Hakulilia nywele. Alikuwa anapiga hesabu ya miaka tisa, na ya Bénédicte, dada wa korali mwenye nywele nzuri zinazofika mabegani, ambaye huimba kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Ijumaa Papa Élie alipita nyumba kwa nyumba na daftari, kukagua vichwa. Alikuta Anne uani anachambua maharage, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, na Mama Byukusenge kando yake kwenye kigoda, akimsaidia.

"Amani mu nyumba hii."

"Amani, Papa Élie. Karibu."

"Mama Anne, unajua ile yenye ilinileta. Utoshe kitambaa."

Akakitoa. Papa Élie ni mtu wa imani, lakini alirudi nyuma hatua moja. Akafungua daftari, akalifunga.

"Pole," akasema. "Pole sana, mama. Lakini tangazo ni tangazo. Beti tutampa Bénédicte."

"Papa, ni defrizan ilikaa sana. Niliimba vile tunaimbaka, njo ilichelewa."

"Kuimba kunaingilia wapi humu?"

Anne akamweleza namna Myriam anavyopima. Papa Élie alikunja uso. Robo saa haiunguzi mtu, alisema. Lazima kuna kosa mahali. "Uliimba namna gani? Hebu imba."

Basi Anne akaimba, kichwa wazi, maharage mapajani. Aliimba ubeti wa kwanza na kiitikio mara tatu. Alipofika mwisho akalishika neno akalivuta, akanyamaza, na kidole chake kikaanza kuhesabu gotini. Papa Élie, bila kujua, naye alikuwa anahesabu. Walimaliza pamoja.

"Ulingojea besi," alisema polepole.

"Nilingojea, Papa."

"Mu saloni."

"Njo vile ulitufundisha. Ulisema hata besi wakichelewa, tusiwaache."

"Beti zote tano?"

"Na ya mwisho mara mbili. Motari waliomba."

Papa Élie alishusha daftari. Katika miaka kumi na minne ya kufundisha, hakuna mtu aliyekuwa amezifuata alama zake za uimbaji zote, zote kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona.

"Kumbe ni wimbo wako ulipika kichwa ya muke wa mutoto wangu," alisema Mama Byukusenge, na kuendelea kuchambua.

"Mama, usiseme hivyo," Papa Élie akasema.

"Niseme namna gani? Upike weye kichwa ya huyu, Bénédicte ale?"

"Lakini tangazo linasema nywele zinyooke! Zifanane! Nitawaambia nini komite?"

Mama Byukusenge aliinuka, akaingia ndani, akatoka na wembe, kipande cha sabuni na maji kwenye bakuli.

"Nywele yenye haiko, itajikunja namna gani?" akasema. "Inama, mwanangu."

Ilichukua muda mfupi kuliko ubeti mmoja. Mikono ya bibi yule imenyoa watoto, wafiwa na mara moja kondoo, na haikukwaruza popote. Mabaki yakaanguka kwenye maganda ya maharage. Upepo ulipanda kutoka bondeni, ukamgusa Anne kichwani, baridi, mahali palipowaka tangu Jumanne, na akafumba macho. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Jean-de-Dieu akatoka nyumbani kuuliza nani amekuja.

"Nasikia upepo," Anne akamwambia. "Bwana, nasikia upepo mpaka ndani!"

Jean-de-Dieu alimzunguka tena. "Sasa masikio iko peke yao," akasema. "Zimepumua."

Papa Élie alikiangalia kile kichwa. Kilikuwa cha duara, safi, kinang'aa kwa sabuni. Akafungua daftari, na mbele ya jina la Anne, kwenye safu ya kunyooka, akaandika: ndiyo. Kwenye safu ya kung'aa hakuhitaji kufikiri.

Jumapili, ukungu wa milima ya Masisi, ambao haukuwa umesomewa tangazo, uliingia kanisani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Kufikia saa nne nywele za akina dada zilikuwa zimeanza kurudi zilikotoka, kila moja kwa njia yake. Mabenchi mawili ya mbele, yaliyofunikwa vitenge kwa ajili ya wageni, yalikuwa matupu. Ikasemwa kwamba wako njiani. Walingojewa mpaka saa tano, kisha ibada ikaanza. Anne alitoka mstari wa mbele akaimba beti zake mbili. Hakuharakisha. Alipovuta neno la mwisho besi zilipanda kulipokea, zote, kwa wakati, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Bénédicte ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. "Kichwa yako bado iko moto ya defrizan," alimnong'oneza, "lakini weh, uliimba!"

Wageni wa Mpofi walifika Jumatatu saa tisa mchana, kwa miguu. Lori lao lilikuwa limezama njiani siku mbili, na wao wote walilisukuma, kwa hiyo walikuwa na matope mpaka kwenye nywele. Waliletewa maji na sabuni, na Anne akaitwa kutoka shambani awaimbie walichokikosa. Aliimba kando ya kisima, jembe mkononi. Wageni walikuwa kumi na mmoja, wameinama juu ya mabeseni, macho yamefumbwa kwa sabuni; kwanza walisikia sauti.