Muhuri wa Bi Wino

Bi Wino alikuwa mchora vibao, na usimcheke. Kama umewahi kusoma "Usikojoe Hapa" ukajibana ukaenda zako, basi umeshamsoma. Kwa miaka thelathini aliandika "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya watu wasiofuga hata paka, na hakuna aliyewahi kuuliza nani kaandika.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye vibao. Zamani, chumba cha jirani alipanga mhandisi wa barabara kutoka Mashariki ya Mbali, mzee mpole. Jioni mzee alisugua kipande cha wino mkavu juu ya jiwe lenye maji, kisha akachora ndege kwa brashi laini. Bi Wino akachungulia, akakaribishwa, akafundishwa. Mkono ukishapita haurudi kurekebisha, mzee alisema, na penye weupe paachwe, maana hapo ndipo mnyama anapopumulia. Mzee alichora ndege wa kwao. Bi Wino akachora wa kwetu: korongo mwenye upara anayeshinda jalalani, kenge wa mtaroni, ngedere mwizi juu ya kamba ya nguo. Huyo korongo alimchora mara mia mbili kabla hajampata.

Mzee alipoondoka alimwachia brashi, kikopo cha rangi nyekundu ya muhuri na kijiwe laini cha kuchongea jina. Hapo ndipo fundi wetu wa vibao alipojiaibisha. Alichonga WINO vizuri kabisa, kama anavyoandika kibao, akasahau kwamba muhuri huchongwa kinyume. Kugonga tu, jina likatoka limegeuka. Mdogo wake, Kitinda, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, umesaini kwenye kioo!"

Bi Wino naye akacheka, akauacha hivyo hivyo.

Huyo Kitinda ni wa tumbo moja naye. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka sita. Aliyemsuka nywele kila Jumapili na kumpeleka shule ni dada yake. Akakua, mdomo mtamu, akapata kazi ya kuandaa shughuli kwenye ukumbi mmoja wa mjini wenye milango ya vioo. Mwaka huu daktari alipomwambia Bi Wino kwamba presha ya macho imeshakula sana, na kilicholiwa hakirudi, wa kwanza kuambiwa alikuwa Kitinda.

"Nataka kitu kimoja tu, mdogo wangu. Nilione jina langu chini ya picha zangu, ukutani, kabla giza halijaingia."

"Niachie mimi, dada."

Akaja akachukua picha ishirini, zile ambazo hazijagongwa muhuri. "Muhuri acha. Umegeuka, wageni watadhani tumekosea." Bi Wino akakubali. Wiki iliyofuata Kitinda akaleta ubao: aandikiwe MAONYESHO YA PICHA ZA WINO, na chini yake "Mchoraji", kisha nafasi tupu.

"Jina watabandika wenyewe. Ndio utaratibu wao."

Bi Wino alicheka peke yake, akijua anafichwa zawadi. Akaipima ile nafasi kwa rula ili jina likae vizuri. Jamani! Mtu anachimbiwa shimo, na yeye ndiye anayelipima.

Siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, alivaa gauni lake la heshima, akatia kijiwe na kikopo kwenye mkoba, huenda akaombwa kugonga muhuri mbele ya watu. Mlangoni alisogeza uso karibu na kibao chake. Kwenye ile nafasi lilibandikwa jina kamili la Kitinda, lile la cheti cha kuzaliwa. Akalipapasa kwa kidole, herufi kwa herufi. Macho hayakuwa yamekosea.

Ndani, Kitinda alikuwa amezungukwa na wageni mbele ya korongo. Mama mmoja akauliza, "Mbona chini ya miguu umeacha patupu?"

"Wino uliniishia!" Kitinda alijibu, na watu wakacheka.

Mara mia mbili, halafu eti wino uliniishia! Kicheko kile kilimuuma Bi Wino kuliko jina.

Kitinda akamwona, akamshika kiwiko haraka. "Huyu dada yangu, ndiye aliyetuandikia kibao." Kisha akanong'ona, "Dada, nisitiri. Wanataka mtu wa kuongea, wa kusafiri na picha. Wewe unakaribia kutoona. Jina litakusaidia nini?"

"Picha zote ungeniomba, ningekupa," Bi Wino alisema. "Jina ndilo pekee nililokuomba mimi."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Alikichomoa kiwiko akaenda mlangoni. Akafungua mkoba, akachovya kijiwe kwenye wekundu, akakigandamiza kwenye kioo cha mlango, kwa ndani. Jina likatoka limegeuka kama kawaida yake. Akatoka nje, akashuka ngazi mbili, akageuka kutazama.

Kutoka nje lilisomeka WINO. Sawasawa, limenyooka, kwa mara ya kwanza tangu alichonge.

Nyuma ya kioo Kitinda alishafika na leso. Alifuta kwa nguvu, kichwa kakiinamisha, vile vile alivyokuwa akikiinamisha kila Jumapili kusukwa.