Mrithi Aliyekataa Kusaini

Juzi, nilipokuwa katika ofisi moja ya Kasongo, mtu ambaye kazi yake ni kutafuta warithi alimleta mama aliyempata katika pori la Wamaza baada ya siku mbili za pikipiki. Baba wa mama huyo alikwenda machimboni Salamabila na hakurudi; nyumba yake imebaki tupu.

Mtafuta warithi akamsogezea karatasi na kalamu. "Saini hapa, mama, kwamba baba alikufa. Bila hii, serikali itakamata nyumba."

Mama akairudisha kalamu mezani. "Nani aliona maiti yake?"

"Hakuna. Lakini miaka imepita."

"Mimi unanipata mu pori ya Wamaza, baba anakushinda mu Salamabila? Panda pikipiki yako, papa!"

Karani wa ofisi akacheka. Mimi sikucheka. Warithi tunawatafuta hadi porini. Waliopotea tunawatafutia muhuri wa kifo tu.