Tablete ya Chaki ya Mama Hélène

Mama Hélène Litanga alifundisha darasa la tano huku kwetu Mangobo kwa miaka ishirini na sita. Mimi, mlinzi wa geti la shule hiyo, nilimwona akiingia asubuhi zote za miaka hiyo. Alikuwa binti wa wavuvi wa Yanonge, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio ng'ambo ya pili. Zamani sauti hiyo iliwaimbisha watoto hesabu mpaka wauza mihogo nje ya ukuta nao wakaimba. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizipata nikisimama nyuma ya madirisha ya walimu wa aina yake. Siku hizi nyuma ya madirisha hakuna cha kuokota.

Mwaka jana walikuja watu wa mradi na maboksi. Kila mwalimu alipewa tablete moja, kompyuta bapa ya kufinya kioo kwa kidole, kisha wote wakakalishwa siku tatu mbele ya kijana aitwaye Merdi, aliyekuja kuwafundisha kufundisha. Merdi alisema mtoto si chupa tupu ya kujazwa. Mtoto hujijengea maarifa kwa kugusa, kukosea na kujaribu tena, na mwalimu lazima ajue kunyamaza. Aliyasema kama mambo yaliyogunduliwa juzi. Mwishoni akawapa karatasi mbili za kutia sahihi. Ya kwanza ilisema atakayeharibu tablete atajibu. Ya pili ilisema inspekta atakuja, na mwalimu atakayekutwa hafundishi kwa tablete ataondolewa darasani.

Hélène alitia sahihi zote mbili. Hakuogopa watoto sitini na wanne wala mvua inayopiga mabati hadi mtu asijisikie. Kile kioo cheusi alikiogopa. Kwa wiki tatu, kabla giza halijaingia, alikaa barazani kwake akinakili masomo yote ya mwaka yaliyokuwamo kwenye daftari, kwa rula, pamoja na vile vidole vidogo vinavyoonyesha mahali pa kufinya. Kila alipoipeleka tablete kuchajiwa kwa Osée mwenye jenereta, alisimama palepale mpaka ijae.

Alipomaliza kunakili alikuja getini ameikumbatia kama mtoto wa watu.

"Papa Léon, hii kitu ikianguka, minakufa."

"Basi isianguke. Leta nikufungie."

Niliifunga mimi mwenyewe: nailoni mbili, mafundo matatu. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu cha wakubwa kilitunzwa, hakikuchezewa. Akaenda kuificha nyumbani ndani ya gunia la mchele ili unyevu usiifikie.

Hakuna mwingine aliyejua. Direkta Ruphin, mkuu wa shule, kama madirekta wote wa kwetu, hukagua daftari la matayarisho ya masomo kila asubuhi na kupiga muhuri. Lile la Hélène, lenye masomo aliyonakili, lilikuwa safi kuliko yote. Kwa miezi saba Direkta alipiga muhuri, na tablete hakuiulizia hata mara moja.

Darasani Hélène alichora kioo kwa chaki, chote, na vitufe vyake. Mtoto alitoka mbele, akafinya ubao kwa kidole, darasa likaiga mlio wa tablete, "Tii!" Hélène akafuta na kuchora kinachofuata. Mtoto akifinya pabaya, Hélène alichora jibu baya, akakaa kitini, akanyamaza. Ndipo watoto walipogombana, wakapimiana lita za maji kwa bidoni na chupa walizoleta kwao, mpaka wakajua wamekosea wapi. Nilipoona mchezo huo mara ya kwanza nilitema mate. Mara ya tatu nilisahau geti wazi.

Ikaja Alhamisi ya inspekta. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Hélène aliingia kibandani kwangu na ule mzigo. Nilikata mafundo yangu. Tablete ilikuwa imevimba mgongo kama samaki aliyesahauliwa juani. Kioo kimeinuka upande mmoja.

"Papa Léon, itapasuka?"

"Sijue, mwanangu."

"Na mie?"

Uani alikuwa amesimama Priscille, mwalimu kijana aliyekuwa akingojea kupewa darasa, na viatu vyake vipya. Hélène alimtazama, akaichukua tablete na kwenda darasani.

Inspekta Zakaria, mtu wa Maniema, alikaa nyuma ya darasa na karatasi zake. Nilikuwa dirishani. Hélène alisimama mbele ya ubao, akashika chaki. Kisha akachora kioo. Watoto wakatoka, wakafinya, wakapima, wakabishana. Inspekta aliacha kuandika.

"Bon. Madame, tablette iko wapi?"

"Iko pa ubao, papa inspecteur!" Binti mmoja, Benie, aliruka kabla ya mwalimu. "Kuya ufinye!" Akamwita kwa mkono aje mbele.

Watoto walicheka. Hélène hakucheka. Aliitoa ile tablete mezani, na inspekta akarudi nyuma hatua moja.

"Betri ilivimba tangu lini?"

"Sijue, papa. Sikuifungua. Niliogopa kuiharibu."

"Donc miezi yote hii ulifundisha na nini?"

Akampa daftari. Inspekta alifunua ukurasa baada ya ukurasa, akagusa kidole kimoja kilichochorwa, kisha akarudi kwenye fomu yake. Palikuwa na visanduku viwili: tablete inatumika, tablete haitumiki.

"Andika yenye uliona," Hélène alisema polepole.

"Mama, yenye niliona haina nafasi hapa. Na mie pia iko mutu juu yangu."

Akatia alama kwenye kisanduku cha pili.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Hélène aliondolewa darasani na kupelekwa stoo, kuchunga tablete za akiba za shule, kwa sababu alionekana ana uangalifu mkubwa wa vifaa. Kila siku anakaa na vioo ishirini vyeusi, akivipapasa migongo asije akakuta kingine kinavimba. Darasa la tano liko upande wa pili wa ukuta. Kuna kimya huko siku hizi. Tablete moja, watoto sitini na wanne, na Priscille akiiinua juu ili wa nyuma waone.

Juzi Priscille alikuja mlangoni pa stoo, nami nilikuwapo. Hofu iliyokuwa usoni pake niliijua.

"Mama Hélène, inspecteur anarudi Alhamisi. Batoto banakatala kunijibu. Banasema, 'Ubao wetu iko wapi?' Unisaidie."

Hélène aliinama. Kisha akatoa daftari chini ya meza, ndani ya nailoni zangu zilezile, akaanza kufungua mafundo.

"Twaa. Lakini usilifunge tena. Lichafuke."