Nilivyoingia Samuye Chali

Nyie vijana mtakaosoma haya, vicheko vyenu vimalizeni hapa hapa kwenye karatasi, msije kunichekea uwanjani kwangu. Ni aibu, na nilijitia mwenyewe. Naiandika kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza lake, mpaka huko Kharumwa wanasema nilifufuka. Sikufufuka. Nilikuwa nimelala usingizi.

Mimi baiskeli nimepanda tangu usichana wangu, nimebebea pamba, maji, watoto wawili kwa mpigo, lakini mgongo ukafika mahali ukakikataa kile kiti cha kawaida (kiti gani kile, ni kama kukalia ngumi). Sasa mjukuu wangu Minza, ninayeishi naye hapa Kambarage, akanionyesha kwenye simu Mzungu anasafiri nchi na nchi juu ya baiskeli ya kulalia, yaani umeegemea kama mtu aliyeshiba, miguu na pedeli viko mbele, usukani uko pembeni mwa mapaja. Nikaenda na ile picha kwa Fundi Jumanne anayechomelea mtaani kwetu, nikamwambia nataka hiyo, magurudumu matatu nisianguke. Akaiunga kutoka kwenye baiskeli mbovu, mnyororo mrefu kama kamba ya ng'ombe, na pa kuegemea akapatoa kwenye kiti cha plastiki kilichokatika miguu. Ikawa nzuri. Ningeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini nilikuwa na safari ya Samuye, kwa mwanangu Shija, baba yake Minza. Wakwe walikuwa wanatoka Kharumwa kuja kuongea mahari, na mambo hayaanzi mpaka mimi niwepo niseme neno langu. Walishaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba wa upande wao, na mzee wao alishasema wazi kwamba msiba mwingine ukiingia kati atajua waliotangulia hawaitaki hiyo ndoa, atamtafutia kijana wake mke kwingine. Minza alimpenda huyo kijana, Maduhu, mpaka ugali haupiti. Shija akanipigia, "Mama, nakutumia gari." Nikamwambia gari linanivunja kiuno, nitakuja na usafiri wangu.

Basi nikarudi kwa fundi.

"Jumanne, safari ni ndefu. Laza kiti."

"Bibi, mbona kimeshalala?"

"Laza."

Akalaza, akaweka na godoro la sponji. Nilipojilaza, jua lote likanijia usoni, nikamwambia asimamishe vyuma vinne tutandike shuka juu, na shuka nililokuwa nalo safi ni jeupe. Alipomaliza akasema sasa niko chini mno, dereva wa lori hataniona. Nikanunua kitambaa chekundu, nikamwambia afunge bendera. Akaifunga, akarudi nyuma, akaiangalia, akajikuna kichwa.

"Bibi, hii kitu sasa inafanana na..."

"Wewe chomelea. Sikukuita unifananishie."

(Ndiyo, najua. Alitaka kuniambia, nikamfunga mdomo.)

Tukatoka asubuhi na shemeji yangu Luhende, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee mkimya, yeye kwenye baiskeli yake ya kawaida na lile koti lake jeusi refu asilolivua hata kiangazi. Minza alikuwa ametangulia kupika. Mwanzoni nilikanyaga vizuri sana, napita watu wananishangaa, nami najiona. Kilipoanza kilima miguu ikachoka, Luhende akafunga kamba akawa ananivuta. Malori yanapita, vumbi la pembeni linatimka, nikalishusha lile shuka likanifunika mpaka usoni. Godoro laini, kamba inavuta polepole. Mnajua kilichofuata. Nikasinzia.

Sasa fikirini anayekutana nasi kutoka mbele anaona nini. Mzee wa koti jeusi, ameinamisha kichwa, anavuta kitanda chenye magurudumu, juu yake mtu amefunikwa shuka jeupe, miguu imetangulia haitikisiki, na kitambaa chekundu kinapepea kama kwenye magari ya msiba. Watu wakawa wanashuka kwenye baiskeli, wanavua kofia, wanasimama pembeni kimya. Kwetu ukikutana na maiti humsimamishi mwenye nayo ukaanza kumhoji. Luhende akadhani wanaiheshimu baiskeli, akawa anawaitikia kwa kichwa.

Kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa Samuye, akamtambua Luhende. Hakusimama. Alikimbiza pikipiki mpaka kwa Shija, akasema, "Bibi yenu wanamleta." Shija akapiga simu yangu, ikaita kwenye kikapu nyuma ya kiti, ikaita tena, kimya. Luhende simu hana. Basi, yakawa ndiyo hayo.

Mimi niliamshwa na kilio. "Maayo! Maayo wee!" Yaani mama, mama wee. Wanawake wanalia na mkamwana wangu sauti yake iko juu kuliko zote (hilo sijalisahau, Mama Minza, nimelihesabu kuwa jema). Luhende naye, kumbe, alidhani msiba ni wa humo nyumbani, akafungua kamba akasimama kando. Kabla sijajua niko wapi nikahisi nanyanyuliwa, wanaume wanne wameshika pembe nne za baiskeli. Mimi kwa ujinga wangu nikajua ndiyo mapokezi. Nikasema, kutoka humo ndani ya shuka, "Taratibu, mtaniharibia kiti."

Waliachia.

Nilidondoka na chuma, na godoro, na bendera, kiwiko kikachunika, kilemba kikaenda zake. Nilipojifunua, uwanja mzima ulikuwa unakimbia. Shija alikuwa nyuma ya zizi. Mzee wa Kharumwa, yule wa masharti, alikuwa ameshavuka ua wa minyaa na fimbo ameiacha. Aliyebaki ni kijana mmoja tu, amesimama pembeni yangu anatokwa na jasho. Alikuwa Maduhu, maana anayetafuta mke hawezi kukaa tu bila kubeba msiba unapoingia, naye alikuwa ameshika pembe ya nyuma.

Watu walirudi mmoja mmoja. Mzee wa Kharumwa akachukua fimbo yake, akasema bila kuniangalia, "Sisi tunaondoka. Kwenye boma lililolia hatujadili ng'ombe. Hii ni mara ya pili." Minza akakaa chini mlangoni pa jikoni, na mwiko mkononi.

Nikaomba kigoda, nikakaa, damu inanitoka kiwikoni. "Aliyeliliwa ni nani?"

"Ni wewe, mama," akasema mzee.

"Basi mwenye kilio ni mimi, na mimi nasema hakuna kilio. Kaa." Hakukaa, lakini hakuondoka. Nikamgeukia yule kijana. "Wenzako wote wamekimbia, hata mwanangu wa kumzaa. Wewe kwa nini hukukimbia?"

Angeweza kusema lolote. Wakwe wote wanamtazama, Minza anamtazama. Akasema, "Shikamoo Bibi. Gurudumu limenikalia mguu."

Tukatazama. Kweli, limemkalia.

"Na lisingekukalia?"

"Ningekuwa Kharumwa saa hizi."

Mzee wake ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akakaa. Nikawaambia neno langu ni hilo, huyo kijana namtaka, maana waongo ninao wa kutosha kwenye ukoo huu, na Shija alipotaka kueleza kwamba hakukimbia bali alikwenda kutazama ng'ombe, nikamwambia anyamaze. Tukamtoa mguu mkwe wetu, tukaongea ng'ombe mpaka tukaelewana.

Baiskeli ninayo bado. Kiti Jumanne amekinyanyua, nakaa naona mbele na watu wananiona uso. Sitalala tena juu ya kitu kinachotembea, hata kiwe na godoro la namna gani.

Siku ile ile, kabla chakula hakijapakuliwa, niliwasimamisha wote uwanjani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kuanzia leo, kwenye boma hili halii mtu mpaka amefunua shuka na kuniita jina. Nikiitika, mkapike."